Namna ya Kumwongoza Anayeanza Kuandika Programu kwa Zana Zinazoonyesha Kazi ya Kompyuta

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayeifahamu lugha ya Python kwa kiasi, na ambaye ameombwa au amejitolea kuwafundisha wengine: mwalimu wa TEHAMA katika shule ya sekondari, mwanafunzi wa chuo anayesimamia klabu ya kompyuta, au kaka na dada wakubwa ambao wadogo zao wanataka kujua programu hutengenezwaje. Haja ya watu wa namna hiyo inaongezeka. Mwaka 2022 nchini Kenya, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) iliidhinisha silabasi ya uandishi wa programu kwa shule za msingi na za sekondari, na walimu wengi wanaotarajiwa kulifundisha somo hili hawakulisomea wenyewe walipokuwa chuoni.

Anayeanza huzuiwa na jambo moja kuliko mengine yote, nalo ni kwamba haoni kinachotendeka ndani ya kompyuta. Mzoefu anapousoma mstari wa programu huziona akilini thamani zikiingia, zikibadilika na kutoka, kwa sababu amekwisha kuyaona hayo mara nyingi. Mwanafunzi huona maandishi aliyoyaandika, kisha ghafla huona jibu, au maandishi mekundu asiyoyaelewa. Yaliyotokea katikati yamefichika. Kwa hiyo unapochagua zana ya kumsaidia, jiulize kwanza kama inamfunulia sehemu hiyo ya katikati. Zana inayomwandikia nusu ya kazi, inayomkamilishia maneno kabla hajayafikiria, au inayomzungushia vitufe vingi vya mambo atakayoyahitaji baada ya miaka miwili, haimsaidii hata kama ndiyo inayotumiwa na wataalamu wote mjini.

Wazo hili lina umri. Mwaka 1967 Seymour Papert, Wally Feurzeig na Cynthia Solomon walitengeneza nchini Marekani lugha ya Logo kwa ajili ya watoto, na baadaye lugha hiyo ikajulikana zaidi kwa kobe wake anayetembea na kuchora kila anapopita. Mtoto alimwamuru kobe aende mbele hatua kadhaa na kugeuka kwa nyuzi kadhaa, na amri ikikosewa, kosa lilionekana waziwazi katika mchoro. Zana nyingi nzuri za leo zinafuata nyayo za kobe huyo.

Uchaguzi wa zana

Kwa watoto wa umri wa miaka 8 hadi kumi na kitu, anza na Scratch, iliyotolewa kwa umma mwaka 2007 na kundi la watafiti la Mitchel Resnick katika maabara ya MIT Media Lab. Amri zake ni vipande vya rangi vinavyopachikwa kimoja chini ya kingine, na kipande kisichostahili kukaa mahali fulani hakipachikiki, hivyo mtoto hawezi kukosea mabano wala nukta. Inaweza kuwekwa katika lugha ya Kiswahili kwa kubofya alama ya dunia na kuchagua, na kuna toleo lake la kusakinisha ambalo halihitaji intaneti. Sitaendelea sana na Scratch hapa, kwa kuwa mtoto akishafunguliwa ukurasa na kuonyeshwa paka wa Scratch anayetii amri zake, mara nyingi hujifundisha mwenyewe na kumwacha mwalimu nyuma.

Ugumu halisi huanza pale mwanafunzi, mara nyingi kijana wa sekondari au mtu mzima, anapotaka kuandika programu kwa maandishi. Hapo ninapendekeza Thonny, kihariri (yaani programu ya kuandikia na kuendeshea programu) cha Python kilichotengenezwa na Aivar Annamaa katika Chuo Kikuu cha Tartu nchini Estonia kwa ajili ya wanaoanza. Hakiuzwi, kinafanya kazi katika Windows, macOS na Linux, na huja pamoja na Python yenyewe ndani yake, kwa hiyo unasakinisha kitu kimoja badala ya viwili. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini waliowahi kuendesha darasa la kwanza wanajua jinsi asubuhi nzima inavyoweza kuisha kwa kutafuta kwa nini kompyuta ya mwanafunzi mmoja haiioni Python wakati za wenzake zinaiona.

Visual Studio Code ni kihariri kizuri na ndicho mwanafunzi atakachokikuta kazini. Kumpa siku ya kwanza, hata hivyo, ni kumtwika mzigo wa viendelezi (programu ndogo za nyongeza), folda za mradi, dirisha la amri na mapendekezo yanayojitokeza kila anapobonyeza herufi, naye bado hajajua kigeu, yaani jina linaloshika thamani, ni nini. Kisubiri. Wapo pia wanaohitaji daraja kati ya vipande vya rangi na maandishi matupu, na hao wanaweza kutumia Hedy, lugha iliyoanzishwa mwaka 2020 na Felienne Hermans wa Uholanzi, ambayo huongeza kanuni za uandishi ngazi kwa ngazi: katika ngazi ya kwanza hakuna alama za nukuu wala mabano, na kanuni hizo huja baadaye kidogo kidogo hadi mwanafunzi anafika kwenye Python. Hedy hutumika ndani ya kivinjari, hivyo inafaa mahali penye mtandao wa uhakika.

Kuiandaa kompyuta kabla ya somo

Pakua Thonny mara moja tu, mahali ambapo intaneti ni nafuu, kisha ibebe katika flashi. Faili lake ni la makumi machache ya megabaiti, na likishasakinishwa halihitaji bando tena. Ikiwa kompyuta za maabara zimefungwa na haziruhusu kusakinisha programu mpya bila nywila ya msimamizi, kuna toleo la Windows linalobebeka, ambalo linafunguliwa moja kwa moja kutoka katika folda yake. Jaribu kila kompyuta siku moja kabla, kwa kuandika mstari mmoja na kuuendesha, na wala usiridhike kwa kuona dirisha limefunguka.

Ukishaifungua, fanya marekebisho mawili. Katika orodha ya "View" chagua "Variables", na upande wa kulia kitatokea kisanduku kinachoonyesha kila kigeu na thamani iliyomo wakati huo. Kisanduku hiki ndicho sababu kubwa ya kuitumia Thonny, na ajabu ni kwamba walimu wengi hawakifungui kamwe. Pili, kuza maandishi hadi wanafunzi wawili walioketi mbele ya skrini moja waweze kusoma bila kuinama.

Nimesema wawili kwa makusudi. Hata kama kompyuta zinatosha, wanaoanza hufanya vizuri wakiwa wawili wawili: mmoja anashika kibodi, mwingine anasoma kwa sauti, anauliza na anaangalia kisanduku cha vigeu, kisha wanabadilishana kwa saa uliyoipanga. Usipoipanga saa hiyo, mwenye kujiamini zaidi atashika kibodi hadi kipindi kiishe. Wazoeze pia kuhifadhi faili kwa Ctrl na S kila wanapomaliza mstari wenye maana, kwa sababu umeme ukikatika hakuna zana itakayowarudishia kazi yao.

Waelekeze wayape majina mafaili yao kwa Kiswahili, kwa mfano nauli.py au mraba.py. Faili likiitwa turtle.py au random.py, Python italisoma faili hilo badala ya maktaba yake (mkusanyo wa amri zilizo tayari) yenye jina lilelile, na programu iliyoandikwa sawasawa itakataa kufanya kazi kwa sababu ambayo mwanafunzi hawezi kuikisia. Vigeu navyo viitwe kwa Kiswahili: jumla, idadi, bei_ya_sukari. Faida yake ni kwamba mwanafunzi anatambua mara moja maneno yapi ni ya Python, kama vile print na for, ambayo hayabadiliki, na yapi ni ya kwake mwenyewe, ambayo angeweza kuyaita vyovyote. Wanaofundishwa kwa mifano iliyojaa majina ya Kiingereza mara nyingi hudhani kwamba neno total lina nguvu fulani ndani ya kompyuta.

Somo la kwanza: kutabiri, kuendesha, kutazama

Usianze kwa kuwaambia waandike. Wape programu fupi iliyokwisha kuandikwa, na kabla hawajaiendesha, kila mmoja aandike kwenye karatasi kile anachodhani kitatokea. Sue Sentance wa Uingereza ameupanga utaratibu huu katika hatua zinazofuatana: kutabiri, kuendesha, kuchunguza, kurekebisha, na mwisho kutengeneza programu ya mtu mwenyewe. Hatua ya kutabiri ndiyo inayorukwa mara nyingi zaidi, nayo ndiyo yenye manufaa zaidi, maana asiyetabiri hana la kushangaa, na asiyeshangaa hachunguzi.

Programu ifuatayo inafaa sana kwa kazi hiyo:

nauli = input("Nauli ya kwenda: ")
kurudi = input("Nauli ya kurudi: ")
print(nauli + kurudi)

Waambie kwamba atakayeitumia ataingiza 600, kisha 700. Karibu wote wataandika 1300. Iendesheni, na skrini itaonyesha 600700. Hakuna maandishi mekundu wala onyo lolote, na Python imefanya ilichoamriwa kikamilifu. Hapa mwalimu hushikwa na hamu ya kueleza. Nyamaza, kisha uwaombe watazame kisanduku cha vigeu, ambamo wataona thamani za nauli na kurudi zimeandikwa '600' na '700', zikiwa na alama za nukuu pande zote mbili. Waulize alama hizo zinatafuta nini kwenye namba. Baada ya muda mmoja wao atasema kwamba kompyuta imezichukua kama maandishi, na kwamba imeyaunganisha maandishi hayo badala ya kuyajumlisha.

Sasa warekebishe mistari miwili ya kwanza:

nauli = int(input("Nauli ya kwenda: "))
kurudi = int(input("Nauli ya kurudi: "))

Wakiendesha tena, alama za nukuu zitakuwa zimetoweka katika kisanduku na jibu litakuwa 1300. Tofauti kati ya namba na maandishi, ambayo huwatatiza wanafunzi kwa majuma mengi wanapoisikia kwa maelezo tu, wameiona kwa macho yao.

Hatua inayofuata ni kuendesha programu polepole. Badala ya kitufe cha kijani cha kawaida, wabonyeze kile chenye umbo la mdudu, au Ctrl na F5. Programu itasimama kwenye mstari wa kwanza na kusubiri. Kitufe cha F6 huutekeleza mstari mzima na kwenda kwenye unaofuata. Kitufe cha F7 huingia ndani ya mstari na kuonyesha kila sehemu ikikokotolewa, ambapo nauli hubadilika kuwa 600, kurudi kuwa 700, na jumlisho lao kuwa 1300, palepale juu ya maandishi. Mwache mwanafunzi abonyeze mwenyewe, na kabla ya kila kubonyeza aseme kitakachofuata. Akikosea, arudie tangu mwanzo bila kuharakishwa.

Zoezi hilohilo lina thamani kubwa zaidi kwenye vitanzi, yaani amri zinazorudiwa mara kadhaa. Chukua mfano wa mtu anayeweka akiba ya shilingi 500 kila siku:

jumla = 0
for siku in range(1, 6):
    jumla = jumla + 500
print(jumla)

Waulize siku ya mwisho itakuwa ya ngapi. Wengi watasema ya sita, kwa kuwa wanaiona namba 6. Wakibonyeza F6 taratibu, kisanduku cha vigeu kitaonyesha siku ikipanda kutoka 1 hadi 5, na jumla ikienda 500, 1000, 1500, 2000, 2500, kisha kitanzi kinakoma. Mstari wa tatu nao, jumla = jumla + 500, huwakera waliozoea hesabu za darasani, kwa sababu katika hesabu hakuna namba iliyo sawa na yenyewe ukiongeza 500. Usibishane nao. Waache waone upande wa kulia ukikokotolewa kwanza na matokeo yake yakiwekwa ndani ya jina lililo kushoto. Mwishowe, waambie wausogeze mstari wa print ndani kwa nafasi nne na watabiri upya: watajua maana ya nafasi za mwanzoni mwa mstari pale jibu moja litakapogeuka kuwa majibu matano.

Kuyasoma maandishi mekundu

Programu inapogoma, wengi hufanya moja kati ya mambo mawili: hufuta kila kitu na kuanza upya, au huinua mkono na kusema, "Mwalimu, imekataa." Katika hali zote mbili hawakusoma kilichoandikwa. Tabia ya kusoma ujumbe wa hitilafu haiji yenyewe, bali hufundishwa, na inastahili kipindi kizima.

Anza kwa kuwaonyesha kwamba ujumbe wa Python husomwa kutoka chini. Mstari wa mwisho hutaja aina ya hitilafu na maelezo yake, na mistari iliyo juu yake hutaja mahali ilipotokea. Katika Thonny, mahali hapo ni kiungo: ukikibofya, unapelekwa kwenye mstari wenyewe. Kisha wape programu zenye makosa uliyoyapanda kwa makusudi, moja baada ya nyingine, na kazi yao iwe kueleza kwa Kiswahili kile ambacho kompyuta inalalamikia, kabla ya kukirekebisha.

Kosa la herufi ni mwanzo mzuri. Mwanafunzi akiandika naulli mahali pa nauli, atapata ujumbe huu:

NameError: name 'naulli' is not defined. Did you mean: 'nauli'?

Sehemu ya pili ya ujumbe huo, inayokisia jina lililokusudiwa, iliongezwa katika toleo la Python 3.10 lililotoka mwaka 2021. Toleo hilo liliboresha ujumbe mwingi wa namna hii. Zamani mtu akisahau kufunga mabano, Python ililaumu mstari unaofuata ambao hauna kosa lolote, na wanafunzi walipoteza muda mrefu kuukagua mstari usio na hatia, siku hizi inasema wazi '(' was never closed na kuonyesha mabano yaliyoachwa wazi. Ikiwa maabara yako bado ina toleo la zamani, hii peke yake inatosha kuwa sababu ya kulibadilisha. Hata hivyo, wafundishe kwamba mstari uliotajwa ukionekana hauna kosa, waangalie ulio juu yake.

Ujumbe mwingine hauna huruma kiasi hicho. Mwanafunzi anayetaka kuzidisha bei kwa idadi ya maandazi bila kutumia int ataambiwa:

TypeError: can't multiply sequence by non-int of type 'str'

Maneno haya hayaeleweki hata kwa anayekijua Kiingereza vizuri. Kwa ajili hiyo kila mwanafunzi awe na daftari la hitilafu: ukurasa wa kushoto anaunakili ujumbe kama ulivyo, ukurasa wa kulia anaandika kwa maneno yake ulisababishwa na nini na aliuondoaje. Kwa ujumbe ulio hapo juu mmoja anaweza kuandika, "Nimejaribu kuzidisha maandishi kwa maandishi, nimesahau kuyageuza kuwa namba." Hitilafu za wanaoanza si nyingi kama zinavyodhaniwa, na baada ya muda daftari hilo huanza kujibu maswali ambayo awali yalikuja kwako.

Wewe mwenyewe jiwekee sharti moja la kudumu: usiiguse kibodi ya mwanafunzi. Ukiitwa, simama kando na uulize: Ulitaka itokee nini? Imetokea nini? Ujumbe unataja mstari gani? Kisanduku cha vigeu kinaonyesha nini kabla ya mstari huo? Mara nyingi mwanafunzi hugundua jibu wakati wa kujibu swali la pili. Kurekebisha kosa lake kwa mkono wako huchukua muda mfupi, lakini baada ya hapo anakuwa amejifunza kukuita tu.

Kobe, vipande vya karatasi, na mishale

Kobe wa Logo hakufa. Yumo ndani ya Python kama maktaba iitwayo turtle, na mistari minne inatosha kuchora mraba:

from turtle import *
for upande in range(4):
    forward(100)
    left(90)

Waulize wabadilishe nini ili wapate pembetatu. Wengi watageuza kwa nyuzi 60, kwa kuwa ndiyo pembe ya ndani waliyoisoma katika hisabati, na kobe atachora kitu kingine kabisa, kwani yeye hugeuka kwa pembe ya nje, nyuzi 120. Mwalimu wa hisabati akiwepo siku hiyo, afadhali mumwachie yeye kipindi.

Siku umeme usipokuwepo, chapa au andika programu iliyo sahihi kwenye karatasi, ikate mstari mmoja mmoja, uchanganye vipande, na uwape waipange upya. Dale Parsons na Patricia Haden wa New Zealand waliueleza mtindo huu mwaka 2006, nao umekuwa ukitumika katika vyuo vingi tangu wakati huo. Ongeza vipande viwili vitatu visivyohusika ili kazi isiwe rahisi mno. Mwanafunzi hapambani na kibodi wala herufi, bali anafikiria mpangilio tu, na kile kinachopaswa kukaa ndani ya kitanzi na kilicho nje yake.

Mkifika kwenye orodha za Python (list), ambazo hushika thamani nyingi chini ya jina moja, kisanduku cha vigeu cha Thonny huanza kupungukiwa, na hapo ndipo mahali pa Python Tutor, tovuti iliyoanzishwa na Philip Guo mwaka 2010. Unabandika programu yako, unabofya hatua kwa hatua, nayo inakuchorea vigeu upande mmoja na vitu vyenyewe upande wa pili, vikiunganishwa kwa mishale. Jaribuni hii:

wageni = ["Asha", "Juma"]
orodha = wageni
orodha.append("Rehema")
print(wageni)

Rehema ameongezwa kwenye orodha, lakini atatokea hata pale wageni wanapochapishwa. Maelezo ya mdomo kuhusu jambo hili huchosha pande zote mbili. Kwenye Python Tutor kuna mishale miwili inayoelekea kwenye kisanduku kimoja, na swali limekwisha. Kwa kuwa tovuti hiyo inahitaji intaneti, kama bando ni dogo fungua kwenye kompyuta moja yenye projekta, au piga picha za skrini za kila hatua ukiwa nyumbani.

Wenye simu tu

Wanafunzi wengi hawana kompyuta nyumbani, lakini wana simu ya Android, na Pydroid 3 huwawezesha kuendesha Python kwenye simu bila mtandao. Haionyeshi mambo ya ndani kama Thonny inavyofanya, kwa hiyo itumike kwa mazoezi baada ya somo. Tatizo lake kubwa ni kibodi ya simu. Hiyo hupenda kuanza sentensi kwa herufi kubwa, na Print si print kwa Python. Programu zinazonakiliwa kutoka WhatsApp au kutoka faili la Word nazo mara nyingi huja na alama za nukuu zilizopinda badala ya zile zilizonyooka, na Python huzikataa kwa ujumbe wenye maneno invalid character. Wafundishe kuzima herufi kubwa za kiotomatiki na urekebishaji wa maneno, na wewe ukiwatumia mazoezi uyatume kama faili la .py, usiyabandike ndani ya ujumbe.

Akili unde

Tangu ChatGPT ilipotolewa mwishoni mwa mwaka 2022, mwanafunzi yeyote mwenye simu anaweza kuandikiwa programu nzima kwa kuomba tu. Kukataza hakufai kitu nje ya darasa, na kuruhusu ovyo huua zoezi, kwa sababu zana hiyo inafanya kinyume kabisa cha kile Thonny inachofanya: inatoa jibu na kuificha njia. Utaratibu ninaoupendekeza ni kwamba mwanafunzi aruhusiwe kuiomba imweleze ujumbe wa hitilafu baada ya kuandika kwanza makisio yake katika daftari, na aruhusiwe kuomba mifano ya mazoezi mapya, lakini asiombe suluhisho la zoezi alilopewa. Ili kujua kama sharti limefuatwa, huna haja ya upelelezi. Mwite aiendeshe programu yake kwa F6 mbele yako na ataje thamani ya kila kigeu kabla haijatokea. Aliyeiandika mwenyewe atakwama mahali pamoja au pawili na kuendelea. Aliyeandikiwa atakwama mwanzoni. Hata huyo usimwadhibu kwa kumnyang'anya alama. Mpe programu ileile aliyoileta, mwambie aipitie hatua kwa hatua hadi aweze kuieleza, na utakuwa umeigeuza kuwa zoezi la kusoma.

Wakati wa kuiacha Thonny

Hakuna juma maalumu la kufanya hivyo. Dalili ni kwamba mwanafunzi anaacha kukitazama kisanduku cha vigeu kwa sababu anajua kilichomo, anausoma ujumbe wa hitilafu kabla ya kukutazama wewe, na programu zake zimeanza kugawanyika katika mafaili zaidi ya moja. Hapo mhamishie Visual Studio Code, lakini zima kwanza mapendekezo ya kiotomatiki, na siku hiyohiyo mwonyeshe jinsi ya kuiendesha programu hatua kwa hatua katika kihariri hicho kipya, maana uwezo huo umo, ila umewekwa mahali ambapo mgeni hawezi kuukuta bila kuonyeshwa. Mpe afungue programu ya zamani aliyoiandika katika Thonny badala ya kuanza mpya, ili ugeni uwe kwenye kihariri peke yake. Na kama baada ya siku chache anaomba kurudi Thonny, mruhusu.